Mama Bustani na Nyumba za Chini

Mama Bustani hakupenda kulowa. Watu waliomsikia kwa mbali, wakaambiwa kwamba Songea yuko mama aliyewabishia wakubwa hadi maji ya mvua yakaachwa yakae ndani ya bustani ya mji badala ya kufukuzwa, walikuja wakitarajia kumkuta mtu anayetembea kwenye mvua kichwa wazi. Walimkuta chini ya paa la jukwaa la zamani la bendi, amevaa mabuti ya mpira na koti la marehemu mumewe, kitambaa kichwani, mfuko wa mbolea juu ya kitambaa, na mwavuli mkononi juu ya hayo yote. Tone moja likimpata shingoni, alisonya.

Niliwahi kumuuliza kwa nini anaikimbia mvua yake.

"Mvua si yangu," alisema. "Mimi nayatafutia maji mahali pa kulala, basi. Mwenye gesti analala na wageni?"

Jina lake la ubatizo nalijua, ila pale hakuna aliyelitumia, na sitaanza mimi. Kwa wauza karanga, kwa wapiga picha wa harusi, hata kwa padri, alikuwa Mama Bustani. Alikuwa mtunza bustani wa kuajiriwa, mwenye funguo tatu kiunoni: ya geti, ya stoo na ya bomba. Funguo hizo zilimtangulia. Ulizisikia kabla hujamwona, na ukizisikia ulitazama chini kuona umekanyaga nini.

Mimi nilimfahamu kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Niliacha shule kidato cha kwanza, si kwa ujinga wala kwa kukosa ada, bali kwa sababu kila gari lililopita nilitaka kujua linakwenda wapi. Nimebeba magunia ya korosho Nakapanya, nimechuma kahawa Mbinga, nimeuza dagaa, nimechimba visima. Siku moja ya kiangazi nilishuka Songea nikakaa kwenye benchi la bustani. Akaja na ufagio.

"Umekaa hapa tangu saa tatu. Unasubiri nini?"

"Nasubiri kujua niende wapi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi wakati unasubiri, shika huu."

Nilifagia hadi jioni. Nikarudi kesho yake. Tangu siku hiyo aliniita Mzururaji, na kila nilipochoka na dunia nilirudi kwake, akanipa kibarua bila kuniuliza nilikuwa wapi. Mimi ndiye niliyeuliza. Niliuliza kwa nini mti huu unapukutika mapema, kwa nini jukwaa lina pande nane, nani alikata mawe ya ukuta. Kila swali alilijibu kwa kunikabidhi chombo cha kazi. Nilipouliza kwa nini maji yanasimama upande wa chini, alinipa jembe akasema, "Chimba uone." Nilichimba. Futi moja chini kulikuwa na mfinyanzi mgumu kama sakafu. Mpaka leo sijasahau jibu.

Bustani yenyewe ni ya zamani. Ilipandwa na wakoloni ambao hawakuwa na nia ya kutualika, na wazee wa mji bado wanakumbuka walivyoisikiliza bendi wakiwa nje ya ukuta. Imelala kwenye mteremko, juu kidogo ya Majengo. Upande wa juu inapakana na barabara ya lami. Upande wa chini kuna kibonde, halafu ukuta, halafu nyumba ambazo sote tuliziita nyumba za chini.

Ukitaka kumwelewa Mama Bustani, anza na milango ya nyumba hizo. Kila mlango ulikuwa umejengewa kizingiti cha tofali, kimo cha goti. Kuingia ndani ulinyanyua mguu kama unavuka uzio. Wagonjwa walivushwa kwa kubebwa. Maiti nayo ilitolewa kwa kunyanyuliwa juu, na watu wakaogopa kuidondosha. Vizingiti hivyo vilijengwa baada ya mkandarasi fulani wa miaka ya nyuma kupitisha mtaro wa saruji katikati ya bustani. Mtaro ulikuwa mzuri, umenyooka. Ulichukua maji yote ya mteremko, ukayapa mbio, ukayatema nyuma ya ukuta. Kila masika nyumba za chini zilikunywa.

Ya mwisho kabisa ilikuwa ya Mama Sikudhani, Myao wa Tunduru, mkaanga mihogo. Kizingiti chake kilikuwa kirefu kuliko vyote. Mama Bustani alipita kumsalimu kila Ijumaa akienda nyumbani, na hakupita bila kukigonga kwa ncha ya mwavuli.

"Bado kipo," alisema.

"Kipo, dada, mpaka Mungu apende," alijibu Mama Sikudhani.

Ndivyo walivyosalimiana kwa miaka.

Usidhani alikuwa mtu mlaini. Alikuwa na sheria nyingi na alizivunja mwenyewe. Alikataza watu kukanyaga nyasi, lakini kila Julai alianika mahindi yake juu ya nyasi hizo hizo. Nilipomkumbusha, alisema mahindi hayana miguu. Alikataza kuchuma maua, lakini maharusi walipokuja kupiga picha Jumamosi alimchumia bibi harusi ua moja kwa mkono wake, zuri kuliko yote. Bwana harusi mmoja alidhani ruhusa hiyo ni ya wote wawili, akachuma la pili. Akafagishwa njia nzima, kutoka jukwaani hadi getini, akiwa na suti, huku wasimamizi wake wakimshikia koti na wapiga picha wakifanya kazi yao. Nasikia picha hiyo ndiyo waliyoitundika sebuleni.

Alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza. Mwaka mmoja mvua ilizidi hadi mahindi yakaanza kuoza shambani, padri akawaalika waumini waombe ikome. Mama Bustani alibaki ameketi. Baada ya misa alimsubiri mlangoni.

"Padri, mvua tulishaiomba Novemba, tukapewa. Sasa tuombe akili ya kuipokea."

Padri alicheka. Jumapili iliyofuata alisema jambo kama hilo mimbarini bila kumtaja, na Mama Bustani alinung'unika wiki nzima kwamba ameibiwa.

Hakuamini mita wala sentimita. Kipimo chake kilikuwa buti: maji ya kifundo, maji ya nusu buti, maji ya kujaza buti. Alizungumza Kiswahili cha Mbinga, taratibu, kila neno likishuka kwa uangalifu kama mtu anayeteremka mlima na mzigo kichwani, na ukimkatisha alianza upya kutoka juu.

Basi ikaja habari kwamba bustani itakarabatiwa. Fedha zilikuwa zimepatikana, na mhandisi akaletwa, kijana mpole mwenye miwani, aliyesoma mbali na asiyejisifia. Aliitisha kikao jukwaani. Alitandika mchoro juu ya meza ya plastiki, akabana pembe zake kwa chupa nne za maji. Nilikuwa pale kwa sababu nilibeba meza, na nilibaki kwa sababu nilitaka kujua.

"Hii mistari ya bluu ni nini, baba?" Mama Bustani aliuliza.

"Maji ya mvua, Mama. Mtaro mpya. Mpana mara mbili ya ule wa zamani."

"Yanakwenda wapi?"

Mhandisi akafuatisha kwa kidole. "Yanashuka hapa, yanapita hapa, yanatokea hapa."

"Hapo ni wapi?"

"Hapo ni nje ya mradi."

Mama Bustani akainama juu ya karatasi kama anayetafuta sindano. "Nje ya mradi anakaa Mama Sikudhani," alisema. "Sasa hivi anakaanga mihogo. Kamwiteni aje ajioneshe yuko wapi, maana humu hayumo."

Watu walicheka, mhandisi hakucheka. Akauliza, kwa heshima, Mama alitaka maji yafanywe nini.

"Yakae."

"Wapi?"

"Humu humu. Kwetu Mbinga tunalima mlima ambao mbuzi anaushuka kwa makalio, na udongo wetu bado uko pale ulipoachwa na mababu. Tunachimba ngoro."

Kwa asiyejua: ngoro ni shimo la shamba la Wamatengo. Majani yanafyekwa, yanalazwa chini kwa mistari inayokatana hadi mteremko mzima unakuwa vyumba vyumba. Kisha udongo wa katikati ya kila chumba unachimbwa na kutupwa juu ya majani. Katikati panabaki shimo, pembeni tuta lenye majani tumboni. Mvua ikinyesha, kila shimo linashika maji yake na kuyanywa polepole. Hakuna linalomsukumia mwenzake.

Kikaoni alikuwapo mzee mmoja wa Kingoni, mjumbe, mtani mkubwa. Akakohoa.

"Mama, mji huu uliwahi kuyaamini maji mara moja. Unajua yaliyotupata."

"Babu zako waliyapaka mwilini wakaenda nayo vitani," alijibu. "Mimi nayaweka shimoni yalale."

Mzee aliinua mikono, akakubali kwamba amepigwa.

Kikao kilichukua siku tatu. Mwisho wakubwa walimpa masika moja. Nusu ya chini ya bustani ingechimbwa ngoro kama alivyotaka, na mtaro wa zamani ungezibwa. Maji yakiingia katika nyumba hata moja ya chini kabla mvua hazijaisha, mtaro mpana utajengwa, kibonde kitafukiwa, na mahali pake patawekwa vibanda vya biashara. Mhandisi alianza kueleza kwamba si lazima ajibu siku hiyo.

"Nimekubali," alisema Mama Bustani. "Na yakiingia, narudisha funguo."

Nilimwambia baadaye kwamba funguo hakuna aliyeziomba.

"Ndiyo maana nimezitoa mwenyewe."

Aliagiza vibarua kumi na wawili kutoka Mbinga, wote wanaume wa Kimatengo, wanaoijua kazi tangu utotoni. Ilikuwa Novemba, mawingu yameshaanza kukusanyika juu ya milima ya Matogoro. Wanaume wale walifyeka majani kwa nyengo zao, mundu za mpini mrefu, vizuri ajabu, wakayalaza vyumba vyumba mteremko mzima, mistari imenyooka kama sare ya shule iliyopigwa pasi. Siku ya pili mchana wakamaliza. Wakanawa. Wakakaa.

Siku ya tatu walikuwa bado wamekaa, wanakunywa togwa.

"Mnasubiri nini?" Mama Bustani aliuliza.

Mkubwa wao alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Wanawake, Mama."

Hapo ndipo nilipoona uso wake ukibadilika. Kwao mwanamume anafyeka na kulaza majani, na mwanamke ndiye anayechimba na kufukia. Imekuwa hivyo tangu enzi, kila mtu anajua, yeye akiwa wa kwanza kujua. Alikuwa amehesabu mashimo, majembe na siku, akaita watu kumi na wawili, na akasahau nusu ya kazi iliyokuwa yake mwenyewe tangu alipokuwa msichana.

"Mtachimba ninyi," alisema.

"Mama, hatujui kuchimba ngoro. Tunajua kulaza. Tena hizi hazichimbwi Novemba, zinachimbwa Machi udongo ukiwa laini."

"Basi nendeni mkaiambie mvua isubiri Machi."

Hawakwenda, na hawakuchimba. Upepo ukaanza kuvuruga mistari. Mbuzi wa mtu wakaingia. Mama Bustani alichukua jembe, akavaa mabuti, akaingia kwenye chumba cha kwanza peke yake, mwanamke wa miaka sitini na ushee mwenye magoti mabovu. Udongo ulikuwa kama tofali lililochomwa. Nilichukua jembe nikaingia chumba cha pili.

"Wewe umeoa au umeolewa?" mmoja wa wale wanaume akaniuliza kutoka kivulini. Wenzake wakaangua kicheko.

"Yeye hajafika popote, mwacheni," alisema Mama Bustani bila kuinua kichwa.

Tulichimba hadi saa sita, tukapata mashimo manne. Yalitakiwa zaidi ya mia mbili. Nilitemea viganja mate. Yeye alibadilisha mkono tu. Ndipo nikaona geti la chini linafunguliwa. Mama Sikudhani aliingia, kanga imefungwa kiunoni, jembe begani, na nyuma yake wanawake wa nyumba za chini, kumi, kumi na tano, wengine na majembe ya kuazima.

"Nimesikia mnatafuta wanawake," alisema.

"Wewe ni Myao wa korosho. Ngoro unazijua?"

"Sizijui. Maji ya kitandani nayajua."

Mama Bustani alimwonesha mara moja: simama ndani, chimba katikati, tupa nje, funika majani yote, usiache hata unyasi mmoja unaonekana. Ilipofika alasiri wale wanaume wa Mbinga walishindwa kuendelea kukaa. Wakubwa wao walianza kurekebisha mistari iliyovurugwa, wakisema hiyo ni kazi yao halali. Vijana wawili wakachukua majembe wakachimbia kwenye kona, wakiwa wametupa mgongo ili wasionwe. Siku ya tisa mteremko wote ulikuwa vyumba. Tulipanda maharage kwenye matuta ya juu na magimbi kule chini kibondeni. Mvua ya kwanza ikaja baada ya siku mbili, na kila shimo likawa na jicho la maji linalotazama mbingu.

Mimi niliona tumeshinda. Yeye alitazama mabuti yake. "Hii ni ya kifundo tu," alisema.

Ile kubwa ilikuja Januari, saa nane mchana. Sote tulikuwa jukwaani, mhandisi naye yupo, bati linalia kiasi kwamba tulizungumza kwa mikono. Kwa saa nzima mashimo yalijaa moja baada ya jingine na hakuna tuta lililovunjika. Nilikuwa nimeanza kucheka. Ndipo maji yakaruka kutoka barabarani. Lami yote ya juu, na mapaa yote ya ng'ambo ya lami, yalikuwa yamekusanya maji yao, na sasa yaliingia kwa kona ya ukuta kama ng'ombe walioona geti wazi. Safu ya kwanza ikavunjika, kisha ya pili, na kila tuta lililokatika likaongeza mzigo kwa lililofuata.

Mhandisi alimsogelea sikioni. Nilikuwa karibu, nikasikia. "Mama, barabara hatukuihesabu."

Mama Bustani aliitazama ile kona ya ukuta. Halafu akasema, "Niliiona iko nje."

Mhandisi angeweza kumrudishia maneno yake ya kikaoni pale pale, na nafikiri kila mtu katika nafasi yake angefanya hivyo. Mhandisi alivua miwani, akaiweka mfukoni, akauliza, "Mawe yako wapi?"

Mama Bustani alishuka jukwaani. Hakukumbuka mwavuli. Tulibomoa kipande cha ukuta wa zamani wa ndani, tukapitisha mawe mkono kwa mkono, sisi na wanaume wa soko waliokuwa wamejikinga jukwaani na wanawake wa nyumba za chini, mhandisi akionesha pa kuyaweka, hadi tukapata mdomo wa mawe pale safu ya mwisho ilipotaka kukatika, maji yakapita juu yake taratibu bila kuchukua udongo. Mvua ilipopungua tulikimbia nyuma ya ukuta. Nyumba zote zilikuwa kavu ndani. Kwa Mama Sikudhani maji yalikuwa yamefika kwenye kizingiti, yakapanda nusu yake, yakasimama.

Watu walishangilia. Mzee wa Kingoni alisema masharti ni maji yasiingie ndani, na ndani hayakuingia. Mhandisi akakubali. Mama Bustani, amelowa hadi mifupani, anatetemeka, aliinama akakipima kizingiti kwa buti.

"Nusu buti," alisema. "Kisingekuwapo, yangeingia. Kwa hiyo sikushinda mimi. Kimeshinda kizingiti."

Nilikasirika. Nilimwambia hakuna aliyemwuliza hivyo. Akafungua funguo kiunoni, zote tatu, akamkabidhi mhandisi mbele ya watu.

Mhandisi alizigeuza mkononi. "Mama," alisema, "mimi nilitaka maji yatoke yote, wewe ulitaka yakae yote. Nipe mawe yangu pale juu barabarani, nikupe masika nyingine."

Mama Bustani alikamua kitambaa chake. "Mawe, ndiyo," alisema. "Saruji, hapana." Akanyoosha mkono kupokea funguo zake, akapiga chafya.

Ndivyo bustani ilivyopata sura iliyonayo leo. Maji ya lami yanapokelewa kwenye bwawa dogo la mawe upande wa juu, yanashuka kwa ngazi hadi kwenye ngoro, na yanayobaki yanalala kibondeni kati ya magimbi yenye majani mapana kama masinia. Jukwaa lilibaki na bati lake. Wataalamu walitaka kuweka vigae, akakataa, akisema vigae vinaifanya mvua iwe siri. Na kila mwaka, siku ya mvua ya kwanza ya kweli, yeye ndiye aliyeamua kama ni ya kweli, alipika makande ya mahindi na maharage yaliyovunwa kwenye matuta yale yale. Sufuria kubwa ilikaa katikati ya jukwaa. Watu walikuja wakikimbia na sahani zao chini ya nguo, wakala wamesimama, hawasikiani kwa kelele za bati, wakiyatazama mashimo yanavyojaa. Sijawahi kuona mahali pengine watu wakiacha kazi kwa sababu mvua imeanza, si kwa sababu imewazuia.

Nyumba za chini zikaanza kubomoa vizingiti. Moja, tatu, kisha zote, isipokuwa ya mwisho. Mama Sikudhani alisema ameshaona mengi mazuri yakidumu msimu mmoja. Atakibomoa siku atakayoamini, Inshallah. Mama Bustani hakumsihi. Aliendelea kukigonga kwa mwavuli kila Ijumaa, hadi magoti yalipomshinda akastaafu, akahamia kwa binti yake Matogoro. Aliondoka kizingiti kikiwa bado kimesimama.

Mimi nilikuwa nimeshaondoka kabla yake. Mwaka huu, msimu wa korosho ulipoisha, nilipanda gari Nakapanya nikarudi. Nilishuka Songea, nikapita barabara ya juu, nikaiona bustani imejaa na kung'aa, nikaenda moja kwa moja Matogoro. Alikuwa barazani kwenye kiti, amevaa mabuti ingawa hakwenda popote.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mzururaji. Umenenepa au umevimba?"

"Korosho, Mama."

"Bustani?"

Nikamweleza yote niliyoyaona.

"Nyumba za chini?"

"Kavu."

"Zote?"

"Zote."

"Kizingiti cha Mama Sikudhani kipo au hakipo?"

Niliinama kufunga kamba ya kiatu. Akanitazama.

"Ulipita juu," alisema. "Umeona bustani, ukaridhika. Nyumba ya mwisho umeiacha nje ya mradi."

"Mama, nimetoka safari. Hata chai bado."

"Chai haina miguu."

Nikarudi mjini kwa bodaboda. Nilishuka nyuma ya ukuta, nikapita milango ile, mmoja mmoja, hadi wa mwisho. Nilinyanyua mguu kwa mazoea, nikakanyaga hewa. Kizingiti hakikuwapo. Sakafuni palikuwa na kovu la saruji, jeupe, halijazoea kukanyagwa. Ndani, kwenye mkeka, alikaa bibi kizee sana.

"Mama yangu mzazi," alisema Mama Sikudhani. "Amekuja kutoka Tunduru, hawezi kunyanyua mguu. Nikajiuliza, nimbebe mgongoni kila siku kwa kuogopa maji ambayo sijayaona misimu minne? Nikakibomoa."

"Mbona hukumpelekea habari Mama Bustani?"

"Nilitaka mvua kubwa ipite kwanza. Imepita Jumanne. Nilikaa hapa mlangoni na ufagio, tangu inaanza mpaka inakatika. Alhamdulillahi, sikuutumia." Akaingia uani akarudi na tofali moja. "Mpelekee. Mdomo wako hatauamini, na nani anauamini? Tofali ataliamini."

Nilirudi Matogoro na tofali mapajani. Mama Bustani alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka magotini. Lilikuwa na michirizi ya maji, mstari juu ya mstari, alama ya kila masika mbaya iliyopita. Alipitisha kidole, kikasimama kwenye mstari mmoja. "Huu ni ule wetu," alisema. "Nusu buti." Chai niliyoletewa niliimaliza, kidole chake bado kiko pale.

Nilidhani ataniambia neno la kufunga. Alinyanyuka, akashika nguzo ya baraza, akanionesha ua.

"Mkwe wangu amesakafia. Umeona?"

Niliona. Saruji safi, kutoka ukuta hadi ukuta.

"Pazuri. Na maji yote yanapita chini ya geti kwenda kwa jirani. Jirani ni mtu wa adabu, hasemi. Nimemwomba mkwe wangu ile kona, amenipa. Majani nimeshafyeka. Jembe liko nyuma ya mlango."

"Na tofali, Mama?"

"Litakaa mdomoni mwa shimo, maji yakizidi yapite juu yake."

Nilivunja kona kwa sururu, nikalaza majani, nikachukua jembe. Kazi ya kiume na ya kike, zote mbili, na safari hii hakuna aliyecheka. Mawingu yalikuwa yameshashuka mlimani. Tone la kwanza lilipopiga bati nilimtazama, nikitarajia aingie ndani. Alifungua mwavuli, akasonya, akateremka ngazi za baraza moja moja, akaja kusimama kando ya shimo, akitazama njia ya maji chini ya geti.